Vita vya Mezani: Mwongozo wa Kujifunza Kuamua kwa Dadu, Vizibo na Daftari

Watu wengi huupima uamuzi kwa matokeo yake. Biashara ikilipa, mwenyewe anasifiwa kwa akili. Ikifa, anaambiwa hakufikiri. Kipimo hiki kinapotosha. Mtu anaweza kuamua vizuri akaangushwa na bahati, na mwingine akaamua ovyo akaokolewa nayo. Asiyejua kutenganisha haya mawili hajifunzi kitu: aliyeokolewa atarudia uovyo wake, na aliyeangushwa ataiacha njia iliyokuwa sahihi.

Vita vya mezani ni mchezo unaokuzoeza kuyatenganisha. Wachezaji wawili au zaidi wanapanga vikosi vya sanamu ndogo, au vipande vyovyote, juu ya meza yenye vilima, mito na miji. Wanasogeza vikosi kwa rula, na wanaamua matokeo ya mapigano kwa kurusha dadu. Uingereza na Marekani mchezo huu una vilabu, magazeti na maduka yake. Warhammer, iliyotoka mwaka 1983 kwa kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, ndiyo yenye jina kubwa zaidi. Lakini huhitaji duka wala sanamu za bei ghali. Mwongozo huu unakuonyesha jinsi ya kuutengeneza mchezo nyumbani kwa vizibo vya soda, jinsi ya kuucheza, na jinsi ya kuondoka mezani na kitu utakachokitumia kazini, dukani na katika familia.

## Kwa nini mchezo huu unafundisha

Anayecheza bao au drafti anaona kila kete. Akifungwa, amefungwa na akili ya mwenzake. Maisha hayako hivyo. Mkulima anapanda bila kuijua mvua, na mfanyabiashara ananunua bila kuijua bei ya mwezi ujao. Vita vya mezani vinaongeza vitu viwili ambavyo bao halina: mambo yaliyofichika na bahati. Ndiyo maana majeshi yaliupokea mchezo huu mapema.

Mwaka 1824 Luteni Georg von Reisswitz wa Prusia alichapisha kanuni za mchezo uliokuwa umeanzishwa na baba yake. Maafisa walicheza juu ya ramani, wakaandika amri zao, na mwamuzi akawaambia yale tu ambayo vikosi vyao vingeweza kuyaona. Dadu ziliamua hasara. Afisa alijifunza kutoa amri huku nusu ya habari haijamfikia.

Mfano wa pili ni wa Liverpool. Mwaka 1942 meli za mizigo zilikuwa zikizamishwa na nyambizi za Wajerumani katika bahari ya Atlantiki. Kepteni Gilbert Roberts akapewa vyumba vya kufundishia, na pamoja naye wasichana wa kikosi cha wanawake cha jeshi la majini. Waligeuza sakafu kuwa bahari. Maafisa wanafunzi walisimama nyuma ya mapazia ya turubai na kuchungulia kwenye tundu dogo, ili waone kile tu ambacho kepteni angekiona akiwa juu ya meli yake. Njia za nyambizi zilichorwa kwa chaki ya kijani, rangi ambayo kutoka kwenye tundu haikuonekana. Kila zamu ilikuwa na dakika mbili za kuamua. Kwa kuyacheza upya mashambulizi yaliyokwisha kutokea, Roberts na wasichana wake waligundua kwamba nyambizi hazikuwa zikishambulia kutoka nje ya msafara, kama ilivyodhaniwa. Zilikuwa zinaingia katikati yake. Mbinu mpya ya kujibu shambulio ikatoka kwenye sakafu ile, na hadi vita vinakwisha maafisa karibu 5,000 walikuwa wamepita hapo.

Mfano wa tatu ni onyo. Mwaka huohuo, kabla ya vita vya Midway, makamanda wa Japani waliucheza mpango wao mezani. Mitsuo Fuchida, afisa wa anga wa jeshi lao la majini, ameandika kwamba dadu zilitoa mabomu tisa juu ya meli zao za kubebea ndege, na mwamuzi mkuu, Ugaki, akayapunguza yawe matatu. Meli iliyokuwa imezama mezani baadaye ikarudishwa mchezoni. Mwezi Juni Japani ilipoteza meli nne za aina hiyo baharini. Meza ilikuwa imewaonya, wao wakaisahihisha meza.

Mifano hii inaacha kanuni moja ambayo mwongozo wote umesimama juu yake: mchezo unamfundisha anayeandika alichofikiri kabla ya dadu, kisha akakubali kilichotoka.

## Stadi tano utakazovuna

1. Kuamua bila kujua yote. Dakika mbili zikiisha, unatoa amri hata kama hujui nini kiko nyuma ya kilima. Unazoea kuuliza: najua nini, nakisia nini, na ni habari gani moja ambayo ningeipata ingebadilisha uamuzi wangu?

2. Kuisoma bahati. Tuseme vizibo vyako sita vinafyatua risasi, na kila kimoja kinapiga shabaha dadu ikitoa 5 au 6. Kwa wastani utapiga mara mbili. Wengi wanaishia hapo na kupanga kana kwamba hizo mbili wamekwishazipata. Lakini kila kizibo kina nafasi nne kati ya sita za kukosa, na ukizidisha 4/6 sita zenyewe kwa zenyewe unapata karibu asilimia 9. Maana yake, katika kila mashambulizi kumi na moja ya namna hiyo, tarajia moja ambalo halitapiga chochote. Mpango unaovunjika siku hiyo moja ni mpango mbovu hata kama wastani wake unapendeza.

3. Kuweka akiba. Mchezaji mgeni hupeleka kila kizibo mbele. Akipata pengo zamu ya sita, hana cha kulijaza. Akipata mwanya, hana cha kuupitisha. Baada ya michezo michache utaona kwamba kikosi kilichobaki nyuma bila kazi ndicho kinachokupa uhuru wa kuchagua.

4. Kushinda na kushindwa kwa adabu. Unakaa na mtu saa mbili, anakuharibia kila ulichopanga, kisha mnapeana mikono na kuulizana maswali. Kijana anayelijua hilo hatapigana kwa sababu ya mpira, na mtu mzima anayelijua atavumilia kukosolewa kwenye kikao.

5. Subira ya mikono. Kukata maboksi, kupaka rangi vipande na kutengeneza nyumba za mji ni kazi ya jioni nyingi. Kwa anayekaa na simu kuanzia asubuhi hadi usiku, saa moja ya brashi na rangi inairudisha akili mahali pamoja.

## SANDUKU LA 1: Vifaa

- Vizibo vya soda 20: 12 vya rangi moja, 8 vya rangi nyingine
- Dadu 2 (za ludo zinatosha)
- Rula au futi kamba
- Meza au sakafu yenye urefu wa sentimita 120 na upana wa 80
- Shuka au kitenge cha rangi moja cha kutandika
- Maboksi, mkasi na gundi kwa ajili ya nyumba na miti
- Vipande 11 vya karatasi ngumu vya kufunikia vizibo
- Saa ya simu
- Daftari moja kwa kila mchezaji, na kalamu

Hakuna kingine cha kununua. Ukiupenda mchezo, rangi na sanamu utaziongeza polepole.

## Mchezo wako wa kwanza: Tanga, Novemba 1914

Ninakupa vita vya Tanga kwa sababu mahali penyewe panajulikana na kwa sababu vinaonyesha wazi jinsi upande wenye watu wengi unavyoweza kushindwa.

Kisa kwa ufupi: Meja Jenerali Arthur Aitken wa Uingereza alifika Tanga na meli zilizobeba askari wapatao 8,000 kutoka India, wengi wao wakiwa wamechoshwa na safari na hawana mazoezi ya kutosha. Tarehe 2 Novemba manowari ya Kiingereza, Fox, ilitangulia bandarini kuuonya mji, na hapo nafasi ya kushtukiza ikapotea. Paul von Lettow-Vorbeck, aliyeongoza jeshi la Wajerumani ambalo askari wake wengi walikuwa Waafrika, akaleta vikosi kwa treni kutoka upande wa Moshi hadi akafikisha watu wapatao 1,000. Waingereza walishuka upande wa Ras Kasone, wakapenya mashamba na vichaka bila kuwa wameipeleleza njia vya kutosha. Siku ya shambulio kubwa, tarehe 4, nyuki waliamka na kuwavamia watu katikati ya risasi. Tarehe 5 Waingereza walirudi melini, wakaacha mamia ya bunduki na risasi zipatazo laki sita.

### Hatua za kuandaa meza

1. Tandika shuka. Ncha moja ya urefu wa meza ni mashariki, yaani ufuko wa kushukia. Ncha ya pili ni magharibi, yaani mji.
2. Kutoka mashariki, pima sentimita 35 za ardhi wazi.
3. Zinazofuata, sentimita 40, ni mashamba na vichaka. Weka miti ya maboksi au majani makavu.
4. Zinazofuata, sentimita 20, ni uwanja wazi.
5. Mwisho wa uwanja huo weka kamba kutoka ukingo hadi ukingo. Huu ndio mtaro wa reli, pale ardhi ilipochimbwa ili treni ipite.
6. Sentimita 25 zilizobaki ni mji. Weka nyumba chache.
7. Mshambuliaji anachukua vizibo 12. Vinne vitie alama ya rangi: hivi ni askari wazoefu. Vinane ni wageni wa vita.
8. Mlinzi anaanza na vizibo 3. Vingine 5 vinangoja treni. Kila cha kuanzia akifunike kwa karatasi, na aweke karatasi nyingine 3 zisizo na kitu chini yake. Anazipanga popote kuanzia mashambani hadi mjini. Karatasi tano zinazobaki ni za vizibo vya treni.

Idadi hii haifuati uwiano halisi wa majeshi yale. Imepangwa ili kila upande uwe na nafasi ya kushinda.

## SANDUKU LA 2: Kanuni zote

Zamu. Mchezo una zamu 10. Katika kila zamu mshambuliaji anaanza: anaandika amri, anasogeza, anafyatua. Kisha mlinzi hivyohivyo. Kila mmoja ana dakika 2 za kuamua na kuandika.

Kusogea. Sentimita 15 kwenye ardhi wazi na mjini. Sentimita 10 mashambani. Karatasi za mlinzi, zenye kizibo na zisizo nacho, zinasogea kwa kanuni hiyohiyo.

Kufunuliwa. Karatasi inafunuliwa kizibo cha adui kikiikaribia sentimita 20, au mlinzi akifyatua kutoka hapo.

Kufyatua. Umbali usizidi sentimita 20. Rusha dadu moja kwa kila kizibo: 5 au 6 imepiga. Shabaha ikiwa mashambani, mjini au kwenye mtaro wa reli, ni 6 peke yake.

Moyo. Kizibo kilichopigwa kinarusha dadu. Wazoefu na walinzi wanasimama imara kwa 3 au zaidi. Wageni wa vita kwa 5 au 6. Kikishindwa kinarudi nyuma sentimita 15. Kikipigwa mara ya pili kinaondolewa mezani.

Ana kwa ana. Vizibo vikigusana, kila upande unarusha dadu. Mwenye ndogo anarudi sentimita 15 na anahesabiwa amepigwa mara moja. Zikilingana, wote wanabaki.

Treni. Kuanzia zamu ya 2, mlinzi anarusha dadu mwanzoni mwa zamu yake. Ikitoa 4 au zaidi, kizibo kimoja kinashuka kwenye ukingo wa mji kikiwa kimefunikwa.

Nyuki. Kizibo cha upande wowote kikiingia mashambani kwa mara ya kwanza, rusha dadu. Ikitoka 1, zamu inayofuata hakisogei wala hakifyatui.

Ushindi. Mshambuliaji anashinda akiwa na vizibo viwili au zaidi mjini mwisho wa zamu ya 10. La sivyo, mlinzi ameshinda.

## Jinsi ya kucheza ili ujifunze

Kanuni zinakupa mchezo. Hatua zifuatazo ndizo zinazokupa elimu, na ndizo ambazo wengi huziruka.

1. Kabla ya zamu ya kwanza, andika mpango wako kwa sentensi tatu. Unataka nini, utapitia wapi, na ni jambo gani likitokea utabadilisha mpango. Sentensi ya tatu ndiyo muhimu. Asiyeiandika huendelea na mpango uliokwisha kufa.
2. Kila zamu, andika amri kabla ya kugusa kizibo. Mkono ukitangulia, akili hutafuta sababu baadaye na kujidanganya kwamba ilikuwa nayo tangu mwanzo.
3. Andika kisio lako. "Nadhani karatasi ya katikati haina kitu, nina uhakika saba kwa kumi."
4. Rusha dadu hadharani. Ianguke mezani mbele ya wote. Iliyodondoka sakafuni inarushwa tena, iwe imempendeza nani au imemchukiza nani.
5. Kubali kilichotoka. Kumbuka Midway. Kanuni ikionekana mbovu, iandike pembeni muijadili baada ya mchezo, msiibadilishe katikati.
6. Mwisho wa mchezo, kaeni robo saa mfanye tathmini.

Hivi ndivyo ukurasa wa daftari la mshambuliaji unavyoweza kuonekana:

> Zamu ya 5. Najua: walinzi wawili wamefunuliwa kaskazini. Sijui: karatasi mbili za kusini. Kisio: moja ina kizibo, sita kwa kumi. Amri: wazoefu wanne waingie kusini, wageni watano wawashughulishe walinzi wa kaskazini, watatu wabaki nyuma. Sababu: treni inaleta watu, nikingoja nazidiwa. Nitabadilisha: zote mbili za kusini zikiwa na watu.
>
> Kilichotokea: zote mbili zilikuwa tupu. Lakini dadu ya nyuki ilitoa 1 kwa wazoefu wawili. Nimepoteza zamu nzima.

Soma ukurasa huo kwa makini. Wazoefu wawili wamekwama, na mwenye daftari atajisikia amekosea. Hakukosea. Alipeleka nguvu mahali palipo dhaifu, akaacha akiba, na nyuki walikuwa na nafasi moja kati ya sita kwa kila kizibo. Akipata hali hiyohiyo tena, afanye vilevile. Bila daftari, angeondoka mezani akiamini kwamba kusini ni njia mbaya.

## SANDUKU LA 3: Tathmini ya robo saa

Kila mchezaji achague amri zake tatu kubwa. Kila moja aiweke katika fungu mojawapo:

- Uamuzi mzuri, matokeo mazuri. Endelea, lakini usijivune. Bahati nayo imekusaidia.
- Uamuzi mzuri, matokeo mabaya. Usiuache. Jiulize tu kama ulikuwa na akiba ya kukufaa siku ya bahati mbaya.
- Uamuzi mbaya, matokeo mazuri. Hili ndilo fungu la hatari. Liandike kwa herufi kubwa, maana moyo utalisahau upesi.
- Uamuzi mbaya, matokeo mabaya. Tafuta habari uliyoipuuza. Mara nyingi ilikuwa mezani, mbele ya macho yako.

Kisha mwulize mwenzako swali moja: "Ni wakati gani ulianza kuogopa?" Jibu lake litakuonyesha mwanya ambao wewe hukuuona.

## Kuyapeleka maishani

Mazoezi ya mezani hayahami yenyewe. Lazima uyabebe kwa kutumia ukurasa uleule wa daftari kwenye jambo halisi. Chukua mfano wa mama anayeuza mitumba. Ana mtaji wa kununua mabelo mawili. Belo limefungwa, hajui ndani kuna nguo nzuri kiasi gani. Shule zinakaribia kufunguliwa, na mwenzake anamshauri anunue yote mawili ya nguo za watoto.

Ukurasa wake ungekuwa hivi:

1. Najua: wiki mbili kabla ya shule kufunguliwa nguo za watoto zinatoka. Kwa muuzaji huyu wa mabelo nimenunua mara nyingi.
2. Sijui: hali ya nguo zilizomo ndani, na wenzangu sokoni wamenunua nini.
3. Kisio: belo litakuwa zuri, saba kwa kumi.
4. Habari moja itakayonibadilisha: nizunguke sokoni asubuhi moja nione wangapi wameleta nguo za watoto. Gharama yake ni nauli na nusu siku.
5. Uamuzi: belo moja sasa, fedha ya la pili ibaki.
6. Nitabadilisha: nusu ya belo ikiisha ndani ya siku nne, nanunua la pili.

Akishamaliza msimu, anaurudia ukurasa. Tuseme belo lilikuwa bovu. Akiutazama, ataona kwamba belo bovu lilikuwa na nafasi tatu kati ya kumi, na kwamba mtaji wa kurudi sokoni anao. Hana sababu ya kuacha biashara wala ya kumlaumu muuzaji. Tuseme belo lilikuwa zuri sana na mwenzake aliyenunua mawili amepata mara mbili. Ataona vilevile kwamba mwenzake alikuwa amebahatisha, na hatashawishika mwakani kuweka mtaji wote mahali pamoja.

Njia hiyohiyo inafaa kwa mkopo wa pikipiki, kiwanja kinachouzwa kwa haraka, kazi mpya katika mji mwingine, au kamati ya harusi inayopanga matumizi kwa ahadi za michango ambayo haijafika.

## Makosa ya kawaida

- Kujadili kanuni kuliko kucheza. Wachezaji wakibishana zaidi ya dakika moja, warushe dadu: 1 hadi 3 mmoja, 4 hadi 6 mwingine. Mjadala uahirishwe hadi baadaye.
- Kucheza upande mmoja tu. Badilishaneni. Anayecheza Tanga kama mshambuliaji peke yake atamwita Aitken mjinga. Akishika upande wa mlinzi ataona jinsi karatasi tupu zinavyodanganya.
- Kulilia dadu. Ukihesabu mara ambazo dadu zilikuonea, hesabu pia mara zilizokubeba. Daftari linazo zote.
- Kumfundisha mgeni kila hatua. Mwache akosee. Kosa la mezani halimgharimu kitu, na ndiyo faida yake.
- Kununua kabla ya kucheza. Sanamu za kampuni kubwa ni ghali, na wengi wanazo kabatini hazijapakwa rangi. Cheza kwanza mara kadhaa na vizibo.

## Maonyo

Usichanganye na kamari. Dadu na fedha zikikaa meza moja, tathmini inakufa, kwa sababu hakuna atakayesema ukweli kuhusu uamuzi wake. Weka hili wazi siku ya kwanza, hasa mkicheza na vijana.

Waheshimu waliokufa. Tanga palianguka watu mamia. Na kampeni iliyofuata, iliyoendelea hadi Novemba 1918, ilibebwa vichwani na wapagazi wa Afrika Mashariki na Kati. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi, njaa na uchovu. Hawamo katika vizibo ishirini vya mchezo wetu. Kabla hamjaanza, mmoja awataje kwa sauti. Mwandishi H.G. Wells, aliyechapisha mwaka 1913 kitabu cha kanuni za michezo hii, *Little Wars*, alikimalizia kwa kusisitiza kwamba vita halisi ni upumbavu usio na kifani, na mwaka mmoja baadaye dunia ikaingia humo. Mchezo huu ukikufanya uvipende vita, umeucheza vibaya.

Usichezee jeraha bichi. Kama kwenye meza yuko mtu aliyekimbia vita au aliyepoteza ndugu, mwulize kwanza. Epuka migogoro inayoendelea. Mchezo unaweza kuwa wa kuzima moto, kuokoa watu wa mafuriko au safari ya majahazi. Kanuni za kusogea, kujificha na bahati zinafaa kote huko.

Linda watoto. Vizibo na dadu humezwa kirahisi na wadogo, na kingo za vizibo hukata. Kazi ya wembe na maboksi ni ya mtu mzima. Rangi za kupulizia zitumike nje, penye hewa.

## ORODHA YA KUKAGUA

Kabla ya mchezo:

- [ ] Kila mtu ana daftari na kalamu
- [ ] Kanuni zimesomwa kwa sauti, zote
- [ ] Tumekubaliana: hakuna fedha mezani
- [ ] Mpango wa sentensi tatu umeandikwa

Wakati wa mchezo:

- [ ] Amri kwanza, mkono baadaye
- [ ] Kisio limeandikwa kwa kiwango, mfano sita kwa kumi
- [ ] Dakika mbili zinaheshimiwa
- [ ] Nina kizibo cha akiba

Baada ya mchezo:

- [ ] Tumepeana mikono
- [ ] Amri tatu kubwa zimewekwa katika mafungu
- [ ] Nimemwuliza mwenzangu alipoanza kuogopa
- [ ] Nimeandika jambo moja nitakalofanya tofauti

Anza na michezo miwili ya Tanga, mmoja kila upande, kabla hujabadilisha kanuni yoyote. Kisha chagua uamuzi mmoja halisi unaokukabili wiki hii, uuandikie ukurasa kama ule wa mama wa mitumba, na uweke tarehe ya kuusoma tena. Tarehe hiyo ikifika, soma ulichofikiri kwanza, kilichotokea baadaye.